Kesi ya Ngedere: Nani Aliwahukumu Makamanda wa Vita vya Mlima Kenya?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kesi ya ngedere hupelekewa nyani. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha na kuitolea maana ya juu na maana ya ndani. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza iwapo kuna mahali ambapo methali hii ilitekelezwa neno kwa neno, mahakamani, mbele ya jaji aliyevaa joho na wigi. Makala haya yanashikilia kuwa mahali hapo papo, napo ni hapa petu: Nyeri, Karatina, Chuka na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, baina ya mwaka wa 1952 na 1960.

Msomaji anayezuru mji wa Nyeri hana budi kuonyeshwa kaburi la Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyeanzisha chama cha skauti na kufariki mjini humo mnamo Januari 1941. Kaburi limetunzwa vyema. Lina maandishi, lina ua, na wageni hutoka nchi za mbali kulitazama. Hebu basi mgeni huyo aulize liliko kaburi la Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, aliyehukumiwa katika mji uo huo wa Nyeri. Ataambiwa kuwa alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo, na kwamba jamaa zake hawajawahi kukabidhiwa mwili wake wauzike. Majenerali wawili, mji mmoja. Mmoja ana kaburi lisilo na kesi. Mwingine ana kesi isiyo na kaburi.

Simleti Baden-Powell hapa kwa nia ya kumshtaki. Ninamleta ili tuanze na swali linalotuhusu sote: vita vilipokwisha, ni makamanda gani walioletwa mahakamani kwa ajili ya raia waliouawa na kuteswa? Na kama hawakuletwa, je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi gani katika jambo hilo?

Sheria ilijulikana

Kuna watetezi wa utawala wa kikoloni wasemao kuwa tusiwapime watu wa jana kwa mizani ya leo. Hoja hii ina uzito wake, lakini katika kadhia hii haisimami hata kidogo. Mizani ilikuwapo wakati huo, na aliyeishika ni Mwingereza mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mahakama ya kijeshi ya Uingereza ilimshtaki Albert Kesselring, jemadari wa Ujerumani aliyeongoza majeshi nchini Italia. Hakushtakiwa kwa kumuua mtu kwa mkono wake. Alishtakiwa kwa mauaji ya watu 335 katika mapango ya Ardeatine mjini Roma, na kwa amri alizotoa ambazo ziliwachochea askari wake kuwaua raia wa Italia kwa kisingizio cha kupambana na wapiganaji wa msituni. Mwaka wa 1947, mjini Venice, alihukumiwa kifo, kisha adhabu hiyo ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Mwaka wa 1949, mjini Hamburg, mahakama nyingine ya Kiingereza ilimtia hatiani jemadari Erich von Manstein, na mojawapo ya sababu ni kutowalinda raia wa maeneo yaliyokuwa chini yake. Alifungwa miaka 18. Wamarekani nao walikuwa wamekwisha kumnyonga Jenerali Yamashita wa Japani mnamo Februari 1946 kwa kushindwa kuwadhibiti askari wake waliowaua raia huko Ufilipino.

Kutokana na kesi hizi ulithibiti msingi mmoja mkubwa: kamanda hujibu si kwa alilolitenda tu, bali pia kwa aliloliamuru, alilolijua na akalinyamazia. Nahodha hawezi kudai kuwa hakushika kafi ilhali jahazi lilikwenda alikolielekeza.

Sasa tuzitazame tarehe. Kesselring aliachiliwa huru mnamo Oktoba 1952. Mwezi huo huo, tarehe 20, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Manstein aliachiliwa mnamo Mei 1953. Mwezi uliofuata, askari wa kikosi cha King's African Rifles, KAR, waliingia Chuka. Mkono uliowafungulia majemadari wa Ujerumani mlango wa gereza ndio mkono uliokuwa ukifunga milango ya vijiji vya Mlima Kenya. Haiwezekani, basi, kusema kuwa sheria haikujulikana. Ilijulikana, ilitumiwa, kisha ikawekwa kabatini.

Majenerali wawili waliohukumiwa Nyeri

Nyeri iliwahukumu majenerali. Wa kwanza ni Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China. Alikuwa amepigana Burma akiwa askari wa KAR katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi, na hatimaye akawa kiongozi wa wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya. Alijeruhiwa na kukamatwa karibu na Karatina tarehe 15 Januari 1954. Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mwanzoni mwa Februari, nayo ikamalizika kwa siku chache tu. Alihukumiwa kifo, ingawa baadaye alisamehewa adhabu hiyo kwa kuwa serikali ilitaka kumtumia katika mashauriano na wapiganaji waliosalia msituni.

Wa pili ni Kimathi. Alipigwa risasi ya paja na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956. Kesi yake ilianza Nyeri tarehe 19 Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee wa baraza watatu Waafrika. Kufikia tarehe 27 mwezi huo huo alikuwa amehukumiwa kifo. Rufaa zake zilitupiliwa mbali Afrika Mashariki na hata London, na haikupita hata miezi mitatu kabla ya kitanzi kufanya kazi yake.

Je, walishtakiwa kwa kosa gani? Hapa ndipo pana kiini cha hoja yangu. China alishtakiwa kwa kumiliki risasi na kuandamana na watu wenye silaha. Kimathi alishtakiwa kwa kumiliki bastola na risasi bila kibali. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, makosa hayo yalitosha kumpeleka mtu kitanzini. Kwa jumla, watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na wengi wao hawakunyongwa kwa kosa la kuua bali kwa kumiliki silaha, kulisha kiapo au kuandamana na wapiganaji.

Msomaji mwenye huruma na wapigania uhuru ataona mara moja dhuluma waliyotendewa China na Kimathi. Lakini ninamwomba aitazame dhuluma nyingine iliyojificha nyuma ya hiyo. Takwimu rasmi za serikali ya kikoloni zenyewe zilisema kuwa raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliuawa na Mau Mau. Hata tukizitilia shaka takwimu za adui, hatuwezi kukana kuwa kulikuwa na wanawake, watoto na wazee waliochinjwa, kwa mfano usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari. Watu hao nao walikuwa na haki ya kusikilizwa. Iwapo mahakama ya Nyeri iliamini kuwa makamanda wa msituni waliamuru mauaji ya raia, mbona haikuwashtaki kwa hayo? Mbona haikuwaita wajane, ikawauliza nani aliamuru na nani alitii, ikampa na mshtakiwa nafasi ya kujibu?

Jibu langu ni kwamba ushahidi kuhusu bastola ulikuwa mwepesi, na mkoloni alikuwa na haraka. Isitoshe, kesi ya mauaji ya raia ingefungua mlango usiofungika. Ukiuliza kamanda wa msituni aliwatenda nini raia, wakili hodari atauliza kamanda wa kambini aliwatenda nini. Bastola haina mdomo wa kuuliza swali la pili. Kwa njia hiyo, mahakama ya Nyeri iliwanyima haki watu wa aina mbili kwa pigo moja: aliyeshtakiwa, na raia ambaye jina lake halikutajwa kamwe.

Chuka, Juni 1953

Tuvuke sasa upande wa mashariki wa mlima. Katikati ya mwezi wa Juni 1953, askari wa KAR waliingia eneo la Chuka, lililokuwa sehemu ya wilaya ya Meru, kuwasaka wapiganaji. Katika muda wa siku chache waliwaua watu wapatao 20 ambao hawakuwa na silaha. La kuhuzunisha zaidi ni kuwa miongoni mwa waliouawa walikuwamo walinzi wa kijiji waliokuwa upande wa serikali yenyewe. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi; na nyasi haina upande.

Afisa aliyehusishwa na kikosi hicho, Kapteni Gerald Griffiths, aliletwa mbele ya mahakama ya kijeshi mnamo Novemba 1953. Lakini shtaka lake halikuwa mauaji ya Chuka. Lilikuwa la kumuua mtu mmoja katika tukio jingine la mwezi huo huo. Katika kesi hiyo dunia ilisikia ushahidi wa kutisha: kwamba askari walizawadiwa shilingi 5 kwa kila mtu waliyemuua, na kwamba vikosi vilihesabu maiti na kushindana mithili ya timu za kandanda. Griffiths aliachiliwa. Kelele zilipozidi nchini Uingereza, alishtakiwa tena mnamo Machi 1954, mara hii kwa kuwatesa mateka, akafungwa miaka 5.

Tusidharau hukumu hiyo. Walikuwapo Waingereza waliothubutu kutoa ushahidi, na walikuwapo maafisa waliochukizwa. Jenerali George Erskine, aliyechukua uongozi wa majeshi mnamo Juni 1953, alitoa amri mwezi huo huo ya kuwakataza askari wake kuwapiga na kuwatesa watu. Lakini tupime kilichotokea. Watu wapatao 20 waliuawa Chuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhukumiwa kwa vifo vyao. Tume iliyoongozwa na Jenerali McLean ilichunguza zawadi na mashindano ya kuua, ikalisafisha jeshi kwa jumla. Na juu ya Griffiths, ngazi ilikatika. Hakuna aliyepanda hata kipandio kimoja kuuliza: aliyekuwa mkubwa wake alijua nini? Huko Venice swali hilo ndilo lililokuwa kesi yenyewe. Huku kwetu halikuulizwa.

Ruthagathi na msamaha wa 1955

Kuna kesi nyingine ambayo haitajwi sana, nayo inastahili kufahamika na kila mwanafunzi atokaye Mathira. Mwishoni mwa mwaka wa 1954, Jaji Cram alisikiliza kesi iliyohusu kituo cha walinzi cha Ruthagathi, karibu na Karatina. Katika kesi hiyo ilibainika kuwa kituo kilikuwa mahali pa kuwatesea watu, na kwamba kilikuwa na baraza la kuhukumu lisilo na idhini yoyote ya kisheria. Mkuu wa walinzi na wenzake walipatikana na hatia ya mauaji. Jaji hakuishia kwa walinzi hao. Aliukemea mfumo mzima uliowalea na maafisa waliouachia uendelee.

Hapo nuru ilikuwa imeanza kupenya. Polisi wa upelelezi walikuwa na majalada mengine ya namna hiyo. Lakini mnamo Desemba 1954 Kamishna wa Polisi, Kanali Arthur Young, aliyetaka kesi hizo ziendelee, alijiuzulu. Tarehe 18 Januari 1955 Gavana Baring akatangaza msamaha wa pande mbili: wapiganaji watakaojisalimisha hawatanyongwa, bali watawekwa kizuizini, nao walinzi na askari wa serikali hawatashtakiwa kwa makosa waliyoyatenda kabla ya siku hiyo.

Kwa mtazamo wa haraka, msamaha huo unafanana na mizani iliyo sawa. Nionavyo mimi, ulikuwa mizani yenye jiwe upande mmoja. Aliyetoka msituni alisamehewa kitanzi akapewa kambi. Aliyekuwa kituoni alisamehewa kila kitu akarudi kituoni. Mlango uliofunguliwa na Ruthagathi ukafungwa, na yaliyofuata tunayajua: zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro, kinamama wakachimbishwa handaki refu kandokando ya msitu, na katika kambi za Mwea, kuanzia mwaka wa 1957, kipigo kikawa utaratibu uliojadiliwa na wanasheria wa serikali. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa marungu. Hakuna aliyeshtakiwa.

Neno ni silaha

Msomaji wa jarida hili atauliza: yote hayo ni historia na sheria; Kiswahili kinaingilia wapi? Kinaingilia mlangoni kabisa, kwa sababu mbinu ya kwanza ya kumkwepesha kamanda ni kuchagua msamiati.

Tuchukue istilahi ya "Hali ya Hatari". Serikali haikusema "vita". Lau ingesema vita, aliyekamatwa akiwa na silaha angedai kuwa mateka wa vita, na sheria za vita zingemkabili kila aliyetoa amri. Uingereza ilikuwa imetia sahihi Mikataba ya Geneva mnamo 1949, lakini haikuiidhinisha hadi Septemba 1957, miezi 7 baada ya Kimathi kunyongwa. Katika "hali ya hatari" hamna majenerali. Mna "magaidi" na "vyombo vya usalama". Gaidi hunyongwa kwa kumiliki bastola. Chombo hakina kosa, kwani ni nani aliyewahi kukishtaki chombo?

Tuchukue pia neno "kuchuja". Katika jiko la Mswahili, anayechuja hutenga chai na majani yake, au tui na machicha. Katika kambi za Mlima Kenya, watu "walichujwa". Walipangwa foleni, akapita mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi miguuni, matundu mawili yakiwa ya macho, akamtikisia mmoja kichwa, na huyo akatengwa na wenziwe. Kwa lugha ya wenyeji mtu huyo aliitwa gakunia, yaani kigunia. Mlinzi aliyekuwa upande wa serikali aliitwa ngati, na askari wa Kiingereza wakaitwa majoni. Maneno haya hayamo katika kamusi zetu nyingi za Kiswahili sanifu, ilhali yamebeba ushahidi ambao hakuna jalada lililoubeba. Bibi yangu hakuwahi kusema "Hali ya Hatari". Alilitaja neno la Kiingereza lililovalishwa lafudhi ya Kigikuyu, kisha akanyamaza kidogo, nasi wajukuu tukajua kuwa hadithi ya usiku huo haitakuwa ya sungura na fisi.

Na sasa tujiulize: katika Kiswahili tunaliitaje kosa la kamanda? Redio zetu husema "uhalifu wa kivita", nami naliunga mkono neno hilo. Lakini ule msingi wa Venice na Manila, kwamba mkubwa hujibu kwa matendo ya wadogo wake, hatujaupa jina lililokubalika na wote. Wengine husema "wajibu wa kamanda", jambo linaloweza kufahamika kuwa ni kazi anazopaswa kufanya kila asubuhi. Ninapendekeza "dhima ya amiri". Dhima ni mzigo unaokaa shingoni mwa mtu hadi autue, na amiri ni mwenye kuamuru. Mwenye neno bora na alilete. Muradi tusikubali jambo zito hivi libaki halina jina katika lugha rasmi ya jamhuri yetu. Kesi za Kongo na za Kenya zilipofika mahakama ya The Hague, walikuwapo mashahidi waliosema kwa Kiswahili, na wakalimani wakalazimika kuamua papo hapo. Yafaa sisi tuamue mapema, kwa utulivu.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema kuwa makamanda hao wamekwisha kufa, na maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwamba hatuwezi kumfunga maiti. Lakini kesi si adhabu pekee. Kesi ni mahali ambapo jina la aliyeuawa husomwa kwa sauti na kuandikwa. Hilo bado linawezekana, kwa kuwa majina bado yanakumbukwa katika miji na vijiji vyetu, ingawa wanaoyakumbuka hupungua kila mwaka.

Wengine watasema kuwa tunatonesha kidonda. Wajukuu wa ngati na wajukuu wa wapiganaji wanaishi mgongo mmoja, wanaoana, wanasali kanisa moja, tunataka wagombane? Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa nimeiona mezani petu. Hata hivyo, kunyamaza hakukuleta amani bali adabu tu. Kila mtu anajua shamba lipi lilikuwa la nani kabla ya mwaka wa 1954, na kila mtu anajifanya hajui. Tena tuchunge: mlinzi wa Ruthagathi alihukumiwa, lakini aliyempa bunduki na idhini hakuhukumiwa. Tukinyamaza, lawama yote hubakia kwa jirani, na amiri hupita salama. Ukweli wote, tofauti na nusu ya ukweli, ungewapunguzia wajukuu hao mzigo.

Kuna na kundi la tatu, wasemao kuwa Mau Mau nao waliua. Nimekwisha kulijibu: naam, waliua, na aliyeamuru kuuawa kwa mtoto Lari hana utetezi kwa sababu tu vita vyake vilikuwa vya haki. Dhima ya amiri haichagui rangi wala bendera. Atakayeitumia kumshtaki Mwingereza peke yake atakuwa amemrudisha nyani kitini, ila amembadilisha manyoya.

Kutoka London hadi Nanyuki

Mwaka wa 2009, wazee wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Kutokana na kesi hiyo, ilikiriwa kuwa maelfu ya majalada ya kikoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Jaji McCombe aliamua mara mbili, mnamo 2011 na 2012, kuwa kesi inaweza kuendelea. Tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alisimama bungeni, akakiri kuwa Wakenya waliteswa, akasema serikali yake inasikitika, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Katika hotuba iyo hiyo alisema kuwa serikali bado inakana dhima ya kisheria. Kesi nyingine iliyowakusanya walalamishi wapatao 40,000 ilianguka mnamo 2018, sababu kubwa ikiwa muda mrefu uliopita.

Je, hayo yanatuhusu nini leo? Ninaomba tuangalie Nanyuki, ambako jeshi la Uingereza hufanya mazoezi hadi sasa. Mwaka wa 2012 mwanamke kijana aliuawa mjini humo. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka wa 2019 ulihitimisha kuwa aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Ilipofika Septemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata Mwingereza mmoja kuhusiana na kifo hicho. Kushtakiwa si kupatikana na hatia, na mahakama ndiyo itakayoamua. Tena hilo si kosa la kivita. Lakini miaka 13 baina ya kifo na hati ni jamaa wa karibu wa mwaka wa 1953. Wala tusidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu peke yao. Mnamo Februari 1984, vikosi vyetu wenyewe viliwaua raia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Bendera ilikuwa yetu, makamanda walikuwa wetu, na hakuna aliyeketishwa kizimbani. Nchi iliyozoea kusahau Chuka haikupata taabu kusahau Wagalla.

Kazi iliyo mbele yetu

Sina mamlaka ya kuunda mahakama, wala chama chetu hakina. Lakini tuna lugha, na lugha ina kazi tatu hapa.

Kwanza, tutafsiri. Mwanahistoria Julie MacArthur alichapisha kumbukumbu za kesi ya Kimathi mnamo 2017, kwa Kiingereza. Hukumu za Jaji McCombe ziko kwa Kiingereza. Tamthilia ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ilitafsiriwa zamani kwa jina la Mzalendo Kimathi, na imetupa kesi kama ambavyo wasanii waliiona. Sasa wanafunzi wa tafsiri wachukue kesi yenyewe, maswali na majibu, ili fundi wa baiskeli wa Karatina aweze kuisoma na kuamua mwenyewe.

Pili, tukusanye. Kila likizo, mamia ya wanafunzi hurejea Othaya, Mukurweini, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Kila mmoja akirudi na masimulizi ya mzee mmoja tu, yaliyonakiliwa kwa idhini yake, kwa maneno yake, ngati akiitwa ngati na gakunia akiitwa gakunia, tutakuwa na jalada ambalo hakuna gavana atakayelifungia Hanslope Park.

Tatu, tuunde istilahi na kuzitumia. Kenya ina Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka wa 2008, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Siku kamanda atakaposhtakiwa nchini kwa sheria hiyo, raia aliyeumizwa asitafutiwe maneno kizimbani. Ayakute tayari.

Huko Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, jengo la zamani la mahakama ya wenyeji limegeuzwa makumbusho. Yafaa kulitembelea. Ukisimama ndani yake utatambua kuwa chumba cha kesi si kikubwa. Kina nafasi ya hakimu, mshtakiwa na watu wachache wa kusikiliza. Miaka ya vita, mji huu ulimpa nafasi jaji na ukampa nafasi mshtakiwa mwenye bastola. Nafasi ya raia na nafasi ya amiri zilibaki tupu. Nyani hajatoka kitini kwa hiari yake popote duniani. Huondolewa na wanaojua kuisoma kesi. Shime basi, tujifunze kuisoma, na tuisome kwa Kiswahili.